Ruzuku ya ekari na kodi ya shamba: fedha huishia kwa nani?

Swali la msomaji, kwa kifupi, ni hili: "Ninalima ekari sita. Mbili ni zangu, nne nimekodi. Serikali ilipoanza kulipa ruzuku ya fedha kwa kila ekari iliyoandikishwa, msimu wa kwanza nilipata nafuu kweli. Msimu wa pili mwenye shamba alipandisha kodi, na nilipopiga hesabu nikaona nyongeza yake inakaribia ruzuku yenyewe. Je, fedha hizi zilikusudiwa mimi au yeye? Na kama serikali ingetoa mbolea badala ya fedha, au ingepandisha bei ya mazao, si ingekuwa afadhali kwetu tunaolima mashamba ya watu?"

Ndugu mwulizaji, hesabu yako ni sahihi, na yaliyokupata yamewapata wakulima wengi kabla yako, katika nchi zilizoanza kulipa ruzuku zamani sana. Jibu fupi ni kwamba ruzuku hufuata kile kinachopimwa ili ilipwe, kisha huvutwa na yule anayemiliki kilicho adimu. Palipopimwa ekari, na ekari ni adimu, mwenye ekari atapata fungu lake hata kama jina lililoandikwa kwenye hundi ni la mtu mwingine. Jibu refu lina matawi kadhaa, kwa sababu fungu hilo si lazima liwe lote, na kwa sababu njia mbili unazozipendekeza nazo zina mianya yake.

Tuanze na shamba lenyewe. Chukulia kwamba ekari moja, ukishatoa gharama za mbegu, mbolea, vibarua na ujira wa jasho lako mwenyewe, hubakiza mia moja, na kwamba katika hiyo mia unamlipa mwenye shamba sitini. Serikali ikitangaza thelathini kwa kila ekari, ekari ile ile sasa inabakiza mia na thelathini bila ardhi kuongezeka hata hatua moja. Jirani yako anayetafuta pa kulima analijua hilo. Yuko radhi kutoa sabini na tano, na wa pili yuko radhi kutoa themanini na tano, kwa kuwa hata akitoa kiasi hicho bado anabaki na zaidi ya ulichokuwa ukibaki nacho wewe msimu uliotangulia. Hapo mwenye shamba hahitaji kuwa mchoyo. Anahitaji tu kuwasikiliza wanaobisha hodi. Mbegu zikiwa ghali, wazalishaji huongeza mbegu; vibarua wakilipwa vizuri, watu hutoka kwingine kuja kufanya kazi; lakini ardhi nzuri iliyo karibu na barabara na maji haiongezwi na mtu. Mchumi David Ricardo, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 19 wakati Uingereza ikibishana juu ya sheria zilizozuia nafaka ya kigeni, alikwisha kuonyesha kwamba kodi kubwa ya shamba haisababishi bei kubwa ya nafaka, bali hutokana nayo. Ukiweka "ruzuku" mahali pa "bei", hoja yake inasimama vile vile.

Hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, mwenye ardhi angechukua yote. Vipimo havisemi hivyo, na hapa ndipo pana faraja kidogo kwako. Utafiti wa Barrett Kirwan kuhusu mashamba ya kukodi nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba katika kila dola moja ya ruzuku takriban senti 25 zilihamia kwenye kodi, na zilizosalia zikabaki kwa mlimaji. Wachunguzi wengine wamepata fungu kubwa zaidi la mwenye ardhi kwa kutumia mbinu na takwimu tofauti, kwa hiyo nisingekushauri uichukue robo hiyo kama sheria ya maumbile. Jambo lenye manufaa zaidi ni sababu zinazomzuia mwenye shamba asichukue kila kitu. Mikataba ya miaka kadhaa haibadilishwi kila tangazo linapotoka. Mwenye shamba anayeishi mbali huchelewa kujua kiasi kinacholipwa. Mpangaji aliyelitunza shamba, asiyechosha udongo na anayelipa kwa wakati, ana thamani yake, na mwenye shamba mwenye busara hamfukuzi kwa ajili ya nyongeza ndogo. Kwako nyongeza ilikaribia ruzuku nzima ndani ya msimu mmoja, jambo linaloniambia kwamba makubaliano yenu ni ya msimu hadi msimu, huenda ya mdomo, na kwamba mahali ulipo wanaotafuta mashamba ni wengi kuliko mashamba.

Kuna mfano mmoja wa kihistoria ambao napenda kila anayeandika kanuni za ruzuku ausome kabla hajashika kalamu. Mwezi wa Mei mwaka 1933, bei za mazao zikiwa zimeporomoka, Marekani ilipitisha sheria iliyowalipa wakulima ili wapunguze eneo wanalolima. Pamba ilikuwa tayari imeota, hivyo katika kiangazi cha mwaka huo takriban ekari milioni 10 za pamba zililimwa upya na kufukiwa. Inasimuliwa kwamba nyumbu waliofundishwa miaka yote wasikanyage mstari wa pamba waligoma kuukanyaga walipoamriwa. Tatizo kubwa, hata hivyo, lilikuwa kwenye karatasi. Mashamba mengi ya kusini mwa nchi hiyo yalilimwa na watu waliogawana mavuno na mwenye ardhi, wala hawakuwa wamiliki wa chochote zaidi ya mikono yao. Serikali iliandikiana mkataba na mwenye shamba, na hundi ikaenda kwake, kwa matarajio kwamba atawagawia walimaji wake fungu lao. Wengi hawakugawa. Wengine walikata deni la dukani kwanza, na kwa kuwa daftari la deni alilishika mwenye shamba mwenyewe, mlimaji hakuwa na namna ya kubishana nalo.

Hilo lilikuwa pigo la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi: eneo la kulima likishapunguzwa kwa malipo, walimaji wa kugawana mavuno hawahitajiki wote. Mkataba wa miaka iliyofuata ulimtaka mwenye shamba ajitahidi kwa nia njema kuibakiza idadi ya kawaida ya walimaji, maneno ambayo yeyote aliyewahi kusimamia mkataba anajua jinsi yalivyo mepesi. Familia nyingi zilihamishwa, na waliobaki wengine waligeuzwa vibarua wa kutwa, kwa maana kibarua hana fungu katika hundi. Julai 1934 walimaji weusi na weupe wa jimbo la Arkansas waliunda chama chao cha wakulima wasio na ardhi, jambo la kushangaza kwa mahali pale na wakati ule. Mapema mwaka 1935 wanasheria wa serikali waliojaribu kuusoma mkataba kwa namna ya kuwalinda walimaji waliondolewa kazini. Sheria hiyo ilitenguliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Januari 1936, lakini kwa hoja za kikatiba juu ya ushuru na mamlaka ya serikali kuu, si kwa kilio cha walimaji.

Sasa nije kwenye pendekezo lako la bei. Kupandisha bei ya mazao ndiyo njia iliyotumiwa na Umoja wa Ulaya (wakati huo Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya) tangu sera yake ya pamoja ya kilimo ianze mwaka 1962: kiwango cha bei kiliwekwa, na pale soko liliposhuka chini yake, taasisi za umma zilinunua. Matokeo yake yalikuwa maghala yaliyojaa siagi na nafaka isiyo na mnunuzi, na ziada iliyouzwa nje kwa ruzuku nyingine juu yake. Bei ikipanda, anayefaidika ni anayeuza, na anafaidika kwa kadiri ya anachouza. Mwenye magunia elfu hupata mara mia ya mwenye magunia kumi, na mkulima ambaye mavuno yake huliwa yote nyumbani hapati kitu. Akinunua chakula miezi ya njaa, anaumia. Na kwako wewe kodi ingepanda vile vile, kwa kuwa shamba linalotoa zao la bei nzuri nalo hugombewa. Mwenye shamba angeona faida yako kwenye mzani wa soko badala ya kuiona kwenye tangazo la serikali.

Ulaya ilibadili njia kwa hatua. Mageuzi ya 1992 yalishusha bei na kufidia kwa malipo ya eneo na ya idadi ya mifugo. Mageuzi ya 2003 yakayatenga malipo mengi na uzalishaji, hata mkulima akawa analipwa kwa ekari alizonazo bila kujali amepanda nini. Meksiko ilikuwa imefanya jambo linalofanana mwaka 1994, ilipoanza kulipa kwa eneo lililowahi kupandwa mazao ya msingi, kuelekea kufunguliwa kwa biashara na Marekani na Kanada. Mvuto wa njia hii kwa serikali unaeleweka ukisoma mkataba wa kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995. Mkataba huo huyaweka malipo katika makundi yanayoitwa visanduku: kisanduku cha kahawia ni cha ruzuku zinazopotosha biashara, nazo zina kikomo, kisanduku cha kijani ni cha malipo yasiyo na athari au yenye athari ndogo kabisa, nayo hayana kikomo. Malipo ya eneo la zamani, yasiyotegemea zao wala bei ya leo, yanaweza kuingia kwenye kijani.

Hapa pana kinaya ambacho sijakiona kikisemwa wazi vya kutosha. Malipo ambayo hayamshawishi mkulima abadilishe chochote, ambayo hayadai apande zaidi wala atumie mbolea zaidi, ndiyo yanayoshikamana na ardhi kuliko mengine yote. Yakishatengwa na jasho, na zao, na pembejeo, hubaki yamefungwa kwenye kitu kimoja tu, nacho ni ekari. Kwa mfanyabiashara wa nafaka wa nchi ya pili malipo hayo ni safi. Kwa aliyekodi shamba ni tofauti. Ndiyo maana pia takwimu inayorudiwa kuhusu Ulaya, kwamba takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja imekuwa ikienda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa, haikutokana na wizi. Ni hesabu ya ekari tu: aliye na nyingi hupokea nyingi.

Pendekezo lako la pili, mbolea badala ya fedha, ndilo lililotawala Afrika kwa miongo miwili sasa. Malawi ilianza mpango wake mkubwa katika msimu wa 2005/06, ambapo mkulima aliyechaguliwa alipata kuponi za mifuko miwili ya kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, pamoja na mbegu ya mahindi. Tanzania iliendesha mpango wa vocha kuanzia 2008/09: serikali ililipa takriban nusu ya bei ya pembejeo za ekari moja ya mahindi au mpunga, mkulima akajazia nusu nyingine, na kamati ya vocha ya kijiji ikaamua nani apewe. Kwa aliyekodi njia hii ina faida moja ya kweli. Vocha inamfuata mtu, haifuati ekari ya nne, kwa hiyo mwenye shamba hana cha kuishikia.

Lakini hebu tusimame kidogo kwenye kaunta ya wakala wa pembejeo. Mkulima anafika na vocha mkononi, imeandikwa jina lake. Mfuko uko pale. Anachokosa ni ile nusu ya kujazia, kwa sababu ni mwezi wa kupanda, na mwezi wa kupanda ndio ambao nyumba nyingi za wakulima hazina hata sarafu. Wakala anampa njia: tia sahihi kana kwamba umechukua mfuko, nami nikupe fedha kidogo ukanunue chakula. Karatasi inarudi serikalini ikiwa imekamilika, na nusu ya bei inalipwa. Mfuko unauzwa tena kwa mwenye uwezo. Huhitaji mtu mwovu ili jambo hili litokee, inatosha msimu na mfuko mtupu. Mwanya wa pili uko kwenye kamati. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro katika mwaka wa kwanza wa vocha hizo ulikuta kwamba takriban asilimia 60 zilifika kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Mwanya wa tatu ni wa soko: pale waingizaji wa mbolea ni wachache, sehemu ya ruzuku huliwa kwenye bei ya mfuko kabla haujapakuliwa bandarini, kwa kanuni ile ile ya mwenye kilicho adimu. Na upo wa nne usioonekana kwenye hesabu yoyote, nao ni kuchelewa. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yakiwa magotini, imeshakuwa takwimu ya ripoti.

Kuna njia ambayo hukuitaja, na kwa maoni yangu ndiyo inayokufaa zaidi: malipo sawa kwa kila kaya ya mkulima, bila kuzidisha kwa ekari. India ilianza mwaka 2019 kulipa rupia 6,000 kwa mwaka kwa kila kaya ya mkulima, kwa awamu tatu za rupia 2,000, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Kiasi hakiongezeki ukikodi ekari nyingine, hivyo ekari ya nyongeza haina ruzuku ya kugombewa, na kodi haina sababu ya kupanda kwa ajili yake. Kasoro yake ni mlangoni: anayehesabiwa ni mwenye jina kwenye daftari la ardhi, kwa hiyo asiyemiliki kipande chochote yuko nje kabisa. Jimbo la Telangana, lililoanza kulipa kwa ekari mwaka 2018, nalo liliwalipa wenye ardhi na kuwaacha waliokodi. Jimbo la Odisha lilichagua njia nyingine katika mpango wake ulioanza karibu na wakati huo huo, likawajumuisha walimaji wa kugawana mavuno na kaya zisizo na ardhi. Kazi ya kuwatambua watu ambao hawana karatasi ni ngumu kuliko kunakili daftari la ardhi, na serikali nyingi huchagua kunakili. Wewe, kwa ekari zako mbili, ungeingia katika mpango wa namna ya India. Jirani yako asiye na ekari hata moja asingeingia.

Tukirudi kwenye hali yako ya sasa, kuna mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wako. Tafuta kanuni za mpango wenyewe, si kipeperushi, usome mahali neno "mkulima" lilipofafanuliwa. Mipango mingine humtaja anayelima siku fulani ya mwaka, mingine mmiliki, na mingine hunyamaza, na ukimya huo humnufaisha mwenye hati. Ikiwa fomu ina nafasi ya sahihi moja tu, ujue mapema ni sahihi ya nani, kwa sababu ekari ile ile ikiandikishwa na watu wawili malipo yanaweza kusimamishwa kwa wote mpaka shauri liishe.

Omba mkataba wa maandishi wa miaka mitatu au zaidi, na ikiwezekana utie sahihi kabla ya tangazo la msimu, si baada yake. Mwenye shamba akidai kodi ihesabu ruzuku, kubali mazungumzo lakini dai na upande wa pili uandikwe: ruzuku ikipunguzwa au ikifutwa, kodi ishuke kwa kiasi kile kile. Nasisitiza kipengele hiki kwa sababu kodi hupanda haraka na kushuka polepole. New Zealand ilipofuta karibu ruzuku zake zote kuanzia mwaka 1984, bei ya ardhi ilianguka, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamekopa kununua mashamba kwa bei iliyokwisha kuibeba ruzuku ndani yake. Waliomiliki zamani walipoteza thamani ya kwenye karatasi. Baadhi ya waliokopa walipoteza shamba. Uingereza nayo, katika England, ilianza mwaka 2021 kuyapunguza malipo ya eneo hatua kwa hatua, kwa hiyo kufutwa si jambo la kufikirika tu.

La mwisho linahusu ruzuku za vifaa, ambazo hukuziuliza lakini zitakufikia. Nyingi hulipwa kwa kurejeshewa: unanunua kwa fedha yako, unawasilisha stakabadhi, kisha unasubiri. Usiagize kitu kabla ya kuipata barua ya idhini, maana manunuzi ya kabla ya idhini kwa kawaida hayarejeshwi hata yawe halali kiasi gani, na uhakikishe riba ya mkopo wa kuziba pengo hilo haizidi ruzuku yenyewe. Na kwa kuwa ekari nne si zako, angalia kama kifaa kinahamishika. Pampu ya maji utaondoka nayo mkataba ukiisha. Kisima kilichojengewa, uzio wa nguzo za zege na mabomba yaliyofukiwa vitabaki, na vitampandishia mwenye shamba kodi ya mpangaji atakayekufuata. Ukilazimika kujenga kitu cha namna hiyo, pata kwanza barua yake inayosema atakufidia nini kwa kila mwaka uliosalia wa umri wa kisima, na nakala yake uiambatanishe na maombi ya ruzuku.